Kuishinda Chuki Bila Fimbo: Maisha ya Mwalimu Nyerere

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: 1 Samweli 24, 2 Wafalme 6:8–23, Mathayo 5:38–48, Matendo 6:1–7, Matendo 10.

Mwezi wa Oktoba 1922 wafuasi wa Mussolini, wamevaa mashati meusi, waliandamana kuelekea Roma na kukabidhiwa serikali. Muda si mrefu Ujerumani nayo ikawa na vijana wake wa mashati ya kahawia, na Afrika Kusini ikapata wenye mashati ya kijivu. Sare zilitofautiana rangi, lakini mafundisho yalifanana: mtu ni damu yake, na mwenye damu nyingine ni adui anayestahili kufukuzwa barabarani kwa fimbo. Mafundisho hayo yalifika hata Tanganyika. Katika miaka ya 1930 baadhi ya walowezi wa Kijerumani walijiunga na chama cha Hitler, wakitumaini koloni lao la zamani litarudishwa mikononi mwao. Vita vilipoanza mwaka 1939 wakawekwa kizuizini.

Mwaka huohuo wa 1922, tarehe 13 Aprili, kule Butiama, si mbali na Ziwa Viktoria, alizaliwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mgaya, naye mtoto akaitwa Kambarage. Alianza shule akiwa mkubwa kidogo, huko Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha akapelekwa Tabora. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka 1943 kwa jina la Julius, akasoma Makerere, akafundisha Tabora, na kutoka 1949 hadi 1952 akasoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Aliporudi alifundisha Pugu. Watu wakamwita Mwalimu, na jina hilo halikumwondoka hata alipokuwa Rais.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilianzishwa Dar es Salaam, naye akawa rais wake. Miongoni mwa waanzilishi 17 alikuwamo Mluguru mmoja, Patrick Kunambi. Tutakutana naye tena. Machi 1955 Nyerere alisafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi aliacha kazi ya ualimu, maana waajiri wake walimtaka achague kati ya darasa na siasa. Hakuwa na mshahara mwingine wa kutegemea.

Miezi michache tu baada ya hapo moto ukawaka katika milima ya Uluguru.

Wanaoifahamu Morogoro wanajua jinsi milima ile inavyosimama juu ya mji, na jinsi mashamba yake yalivyong'ang'ania miteremko mikali. Maji yake hushuka hadi mto Ruvu na kufika Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni iliogopa mmomonyoko wa udongo, na hofu hiyo haikuwa ya uongo. Dawa yake ndiyo iliyokuwa na kasoro. Kuanzia mwaka 1950 hivi watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, kwa siku zilizopangwa kila juma, na asiyechimba alipelekwa barazani na kutozwa faini. Udongo wa Uluguru ni mwembamba. Ukichimba ngazi, ule wenye rutuba hufunikwa na ule mkavu wa chini hupanda juu, na mahindi hayastawi. Wanawake, ambao ndio waliolima sehemu kubwa ya mashamba ya ukoo (na kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama), waliona mavuno yakipungua huku wakiongezewa kazi. Tena wengi walishuku kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa na wageni. Malalamiko yalipelekwa, lakini hayakusikilizwa.

Mwezi wa Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo. Maneno yalikuwa makali, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Haukupita muda mrefu mpango wa matuta ukaachwa.

Hapa darasa lisipite haraka. Yuko atakayesema kwamba mawe ya Matombo yalifanya kazi ambayo barua hazikuifanya, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Serikali iliyoziba masikio miaka mitano ilizibua siku moja. Lakini mtu aliyekufa hakurudi kwa watoto wake, na serikali iliyokuwa ikiitazama TANU kwa shaka ilipata sababu mpya ya kuiita chama cha fujo. Jirani Kenya, wakati huohuo, hali ya hatari ilikuwa imeingia mwaka wa tatu, maelfu wamo kambini na wengine wamenyongwa. Kila kiongozi wa Tanganyika alikuwa na mfano huo mbele ya macho yake. Linganisheni na Matendo 6:1–7, ambapo wajane wa kundi moja walinung'unika kwamba wanasahauliwa. Mitume walifanya nini na manung'uniko yale kabla hayajawa ugomvi? Na Uluguru ingekuwaje kama mtu mwenye mamlaka angefanya vivyo hivyo mwaka 1951?

Njia ya TANU ikawa mikutano ya hadhara, kadi za uanachama, na barua kwa Umoja wa Mataifa. Ni njia ya polepole, nayo huwachosha vijana. Mwaka 1957 serikali ilimpiga Nyerere marufuku kuhutubia hadharani. Hakuvunja marufuku ile kwa kuitisha umati. Alingoja, akaandika, akatembelea watu. Alipopewa kiti katika Baraza la Kutunga Sheria alikikubali, na alipoona mapendekezo yake yanatupwa alijiuzulu, Desemba mwaka huo.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja Tabora, Januari 1958. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza, lakini kwa masharti ya ajabu. Kila mpiga kura alipaswa kuwachagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu maelfu machache, na bado kila rangi ilipewa viti sawa. Tena haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato au cheo. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wamekasirika. Walitaka TANU isusie, na ikibidi iitishe mgomo nchi nzima. Nyerere aliona mahali mgomo huo ungefikia: vijana barabarani, polisi wenye bunduki, na chama cha Wazungu na matajiri, UTP, kikiingia barazani bila kupingwa. Aliwaomba wajumbe waingie katika uchaguzi ule mbovu na kuushinda kutoka ndani. Hoja yake ilipita, na watu wakauita uamuzi wa busara.

Si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu, aliyekuwa mmoja wa watendaji wa TANU, aliondoka na kuunda chama chake, African National Congress, kilichodai Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao. Hasira yake ilikuwa na chanzo cha kweli. Mtu aliyedharauliwa maisha yake yote kwa sababu ya rangi yake ana vidonda halisi, na anayemwambia asubiri anapaswa kulikumbuka hilo. Lakini tiba aliyoichagua ilikuwa ugonjwa uleule uliogeuzwa upande wa pili.

Katikati ya mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika jarida la chama. Watu wengi walijaa nje ya mahakama Dar es Salaam. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotaka aende gerezani, maana kiongozi aliyefungwa huwasha moto ambao mwenye uhuru hawezi kuuwasha. Alilipa faini. Kwa wengine huo ulionekana woga. Soma 1 Samweli 24: watu wa Daudi walipomwona akikata upindo wa vazi la Sauli tu na kumwacha hai, walidhani nini juu yake?

Majuma machache baadaye, Septemba 1958, alisimama kugombea kiti cha Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro na Uluguru zilikuwamo. Mpinzani wake alikuwa Kunambi yuleyule, mwanzilishi mwenzake wa TANU, ambaye sasa alikuwa na cheo katika utawala wa Waluguru. Nyerere alishinda kwa kura nyingi. Katika milima ambako miaka mitatu nyuma mawe yalirushwa na risasi zikajibu, watu walipanga foleni wakatumbukiza karatasi. Wagombea walioungwa mkono na TANU, Waafrika, Waasia na Wazungu, walishinda nchi nzima, na UTP ikafa kifo cha kawaida. Hakuna aliyelazimika kuipiga.

Hapo ndipo wengi humalizia hadithi, kwa sababu adui wa nje alishindwa. Lakini sehemu iliyokuwa ngumu zaidi ilikuwa ndani ya nyumba. Oktoba 1961, uhuru ukiwa umebakiza majuma machache, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge, wakiwemo wa TANU, walitaka uraia utolewe kwa kufuata rangi. Huko nje kelele hiyo ilipendwa. Kiongozi mwingine angeitumia: ni rahisi kupata makofi kwa kuwaonyesha watu maskini duka la Mhindi. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alisimama na kuwaambia waziwazi kwamba wanachokihubiri ndicho alichokihubiri Hitler, na ndicho kinachotendwa Afrika Kusini. Akatangaza kwamba muswada ukishindwa, serikali yake itajiuzulu. Ulipita.

Tufikirie alivyofanya. Hakuwakamata wale wabunge, wala hakutuma vijana wa chama kuwazomea mlangoni. Aliweka kazi yake mezani. Na wakati ule waliokuwa hatarini hawakuwa watu wake. Walikuwa Wahindi, Waarabu na Wazungu, ambao baadhi yao, miaka michache tu nyuma, wasingekubali kuketi naye meza moja. Katika 2 Wafalme 6:8–23 jeshi la Shamu linaingizwa Samaria, limezingirwa, na mfalme wa Israeli anauliza kama awapige. Elisha anaagiza waandaliwe chakula. Mfalme aliuliza mara mbili; hamu ya kupiga huwa kubwa sana adui anapokuwa mkononi. Zungumzeni darasani: ni kundi gani katika mtaa wenu ambalo sasa limekuwa dogo na dhaifu, na ambalo watu wanaona ni halali kulilipiza?

Mwaka 1962 wananchi walimchagua Rais wa kwanza wa Jamhuri. Mtemvu aligombea dhidi ya Nyerere kwa sera yake ileile. Alipata kura elfu 21 hivi. Nyerere alipata zaidi ya milioni moja. Baadaye Mtemvu alirudi TANU, akapokelewa.

Haifai kumfanya Nyerere malaika. Mwaka huohuo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na sheria hiyo ilitumika wakati wake. Aliyeshinda bila fimbo akiwa nje ya Ikulu aliona ni vigumu kuiacha fimbo alipokuwa ndani. Aliwapa hifadhi pia wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na wengi wao walishika bunduki, kwa kuwa kule hapakuwa na kura ya kutumbukiza. Mwaka 1978 na 1979 alipigana vita na Idi Amin. Anayesoma Mathayo 5:38–48 ataona umbali uliopo kati ya fungu lile na maisha ya mtawala yeyote, huyu akiwemo.

Hata hivyo Morogoro ina jambo jingine la kusimulia. Kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, wanachama wa ANC ya Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni walikutana mjini humo chini ya Oliver Tambo. Walikuwa wamefukuzwa kwao na serikali iliyojengwa juu ya rangi. Swali mojawapo mezani lilikuwa kama Wazungu, Wahindi na Machotara waliokuwa wakiteseka pamoja nao wakubaliwe kuwa wanachama kamili huko uhamishoni. Wakaamua milango ifunguliwe. Wapo waliokataa, na ubishi huo uliendelea miaka mingi, lakini uamuzi ulibaki. Soma tena Matendo 10, uone Petro alihitaji maono mara ngapi kabla hajakubali kuingia nyumbani mwa Kornelio.

Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ANC shamba la mkonge lililoachwa huko Mazimbu, nje kidogo ya mji, chini ya milima ileile. Walijenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Walimu walitoka nchi nyingi, weusi kwa weupe. Watoto waliokimbia risasi za Soweto walijifunza hesabu na kilimo pale, na baadhi ya wakimbizi wamezikwa palepale. Mwaka 1992, njia ya kurudi kwao ilipofunguka, majengo yalikabidhiwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Nyerere alikuwa ameacha urais tangu 1985 na kurudi Butiama kulima. Katika miaka yake ya mwisho alizigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, akihesabu mizani mstari kwa mstari, sura ya tano ya Mathayo ikiwemo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.