Yohana: Jina la Neema, Maisha ya Machozi

Simama sokoni hapa Tala uite John, uone vichwa vitakavyogeuka. John, Johana, Joan, Joanna, wote wametoka shina moja la Kiebrania, Yohanani, maana yake Bwana ni mwenye neema. Ni jina ambalo Zakaria aliandika kwenye kibao, Luka 1. Lakini je, ukipewa jina la neema utaishi bila shida?

Hebu tumwangalie Johann Ludwig Krapf. Johann ni Yohana kwa Kijerumani. Alizaliwa 1810 Derendingen, Ujerumani, na mwaka wa 1837 akaenda Ethiopia kama mmishonari. Huko mkewe Rosine alijifungua kabla ya wakati, wakiwa safarini nyikani. Mtoto hakuishi. Krapf alimbatiza Eneba, yaani chozi. Baba ni Neema, mtoto ni Chozi.

Mwaka wa 1844 wakafika Mombasa. Julai, Rosine akapata binti mwingine, na kwa siku chache tu mama na mtoto wote wakafa. Krapf mwenyewe alikuwa anaugua homa. Wengi wetu hapo tungefunga virago.

Yeye alibaki. Mwaka wa 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakaanzisha misheni Rabai. Mwongofu wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu, naye hakukaa sana akafa. Mwaka wa 1849 Krapf akaja kwetu Ukambani, akapokewa na Kivoi kule Kitui, na Desemba akauona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata Injili ya Marko ikachapwa kwa Kikamba. Aliporudi 1851, msafara ulishambuliwa karibu na mto Tana. Kivoi akauawa. Krapf akatangatanga porini peke yake, akibeba maji ya kunywa ndani ya mtutu wa bunduki, mpaka akafika Rabai akiwa hai.

Mimi nilisomea biashara. Ukinipa vitabu vya Krapf nivikague mwaka wa 1853, alipoondoka huku akiwa mgonjwa, ningeandika hasara tupu: makaburi mengi, waongofu wa kuhesabu kwa vidole. Alifariki Novemba 1881 huko Korntal, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye hayupo tena.

Lakini leo hesabu makanisa kutoka Tala hadi Kitui. Nilifunga vitabu mapema mno.

Ndugu yangu, dada yangu, labda wiki hii umezika, ama biashara imeanguka, na unajiuliza neema iko wapi. Neema haikumzuia Krapf kulia. Ilimwinua aendelee akiwa bado analia. Usifunge vitabu vyako leo. Na wewe uliye na John nyumbani, mwambie usiku huu maana ya jina lake.