Mzee wa vipande vya mbao

Juzi nilikuwa kijijini kwetu Ngara, nikapitia darasa la chekechea anakosoma mpwa wangu. Watoto wamebanana kwenye mkeka wanaimba a, e, i, o, u, hakuna hata kitu kimoja cha kushika. Kamati inachangisha hela ya midoli ya plastiki kutoka mjini, na mzazi asiyetoa mtoto wake abaki nyumbani. Dada hana. Ndo nikamkumbuka mzee mmoja, Friedrich Fröbel.

Najua Wajerumani tunaowajua sisi ni wale wa boma la Biharamulo. Huyu alishakufa zamani kabla hawajafika huku. Alizaliwa mwaka 1782 kijiji cha Oberweißbach. Mama yake alifariki yeye hajatimiza hata mwaka. Baba alikuwa mchungaji, muda wote yuko kwenye kazi za kanisa, na mama wa kambo alipopata wa kwake akamtupa mkono. Dogo akawa anashinda bustanini peke yake. Alipofika miaka 15 akapelekwa kwa bwana misitu kujifunza kazi, akakaa miaka miwili katikati ya miti.

Baadaye akawa mwalimu, akaenda Uswisi kukaa na Pestalozzi kuanzia 1808 hadi 1810, mwaka 1813 akaingia vitani kupigana na Napoleon. Vita ilipoisha akafanya kazi kwenye makumbusho ya madini Berlin, akipanga mawe ya fuwele. Hapo ndipo jamaa akaanza kuona kwamba maumbo machache tu yanaweza kujenga vitu vingi sana.

Mwaka 1837, ana miaka 55, akafungua sehemu ya watoto kuchezea na kujifunza kule Blankenburg. Mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Na vifaa vyake, jamani, si mchezo! Kwanza mipira laini ya nyuzi za sufu, ya rangi mbalimbali. Halafu tufe la mbao, mchemraba na mche duara. Kisha mchemraba mmoja uliokatwa vipande 8 vinavyolingana. Basi. Mtoto anavunja, anajenga kiti, ngazi, ukuta, halafu anavirudisha viwe kitu kimoja. Hesabu anaishika mkononi kabla hajaijua kwa jina. Walicheza pia na vijiti, mbegu na kokoto. Sasa sisi wenye mpira wa majani ya migomba, magunzi na udongo wa kufinyangia, tunasubiri plastiki ya nini?

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ikapiga marufuku shule zake, ikidai zinafundisha ukafiri na ujamaa. Kumbe walimchanganya na Karl, mtoto wa kaka yake! Mzee akajieleza wee, hawakusikia. Akafariki Juni 21, 1852, na marufuku ikaondolewa mwaka 1860. Kaburi lake liliwekewa jiwe lenye umbo la vile vifaa vyake: mchemraba, mche duara na tufe juu.

Nilikwenda kwa fundi seremala nikaomba mabaki ya mbao. Akanikatia vipande 8, nikavipiga msasa mpaka vikawa laini. Rangi sikupaka, maana watoto wanatia kila kitu mdomoni, na mbegu ndogondogo nazo sikuzitaka, zinaingia puani. Mpwa wangu akajenga zizi, akatafuta kokoto za kuwa ng'ombe. Mzazi mmoja akapita akacheka, akasema hivyo ni vitu vya kimaskini.

Jumamosi kamati inakaa tena na nimeambiwa niende na vipande vyangu nikajieleze. Wadau wa Biharamulo, mliowahi kufanya hivi huko kwenu, wazazi mliwaambiaje?