Michezo: Emil Zátopek, mkimbiaji wa mazoezi makali aliyeshinda baada ya kulazwa hospitalini

Mwezi Agosti 1950, siku chache tu mbele ya mashindano ya Ulaya mjini Bruxelles, mkimbiaji mashuhuri kuliko wote wa wakati huo alikuwa amelala kitandani hospitalini. Emil Zátopek, raia wa Chekoslovakia, alikuwa amekula chakula kilichoharibika. Muda wa karibu juma mbili hakufanya mazoezi. Kwa mtu aliyezoea kukimbia kila siku, hilo lilionekana kuwa mwisho wa matumaini yote.

Zátopek alizaliwa tarehe 19 Septemba 1922 katika mji wa Kopřivnice, kwenye familia isiyokuwa na mali. Alipofikia umri wa miaka 16, alipata kazi katika kiwanda cha viatu cha Bata, mjini Zlín. Hakupenda mbio. Mwaka 1941 wakubwa wa kiwanda walimlazimisha kuingia katika mashindano ya vijana. Alijitetea kwamba ni dhaifu, lakini munganga alimpima na kumwona mzima. Alikimbia na vijana karibu 100, akawa wa pili. Tangu siku hiyo hakuacha tena kukimbia.

Baada ya vita alikuwa askari, na mara nyingi alifanya mazoezi akiwa amevaa viatu vizito vya jeshi. Njia yake ilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kuifuata: kukimbia mita 400 kwa nguvu, kwenda polepole mita 200, kisha kuanza tena. Mwanzoni alirudia mara 20 kwa siku. Baadaye alifikia mara 40, hata mara 60. Wengi walidhani atajiua. Lakini mwaka 1948, katika michezo ya Olimpiki ya London, alipata dhahabu katika mita 10.000 na fedha katika mita 5.000, nyuma ya Mbelgiji Gaston Reiff.

Ndiyo sababu mashindano ya Bruxelles yalikuwa na uzito mkubwa. Reiff alikuwa anamngojea nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Zátopek alitoka hospitalini siku mbili tu kabla ya mbio za kwanza. Katika mita 10.000 alimwacha wa pili, Mfaransa Alain Mimoun, kwa zaidi ya dakika moja. Siku tatu baadaye, katika mita 5.000, alishinda tena, akiwa mbele kwa sekunde 23. Reiff alikuwa wa tatu.

Habari hiyo iliwashangaza walimu wa mbio, na hata leo inatajwa panapozuka swali kama kuna mazoezi kupita kiasi. Mazoezi makali huvunja mwili kidogo kidogo. Nguvu mpya hujengwa wakati wa kulala na kupumzika. Mtu akiongeza kazi kila siku bila kuupa mwili nafasi, uchovu unarundikana na kuificha nguvu aliyokwisha kuipata. Dalili zake zinajulikana: miguu kuwa mizito kwa majuma mengi, usingizi kupotea, moyo kupiga mbio asubuhi hata kabla ya kuamka, magonjwa madogo kurudi kila mara, na mtu kukimbia polepole ingawa anajitahidi zaidi.

Hata hivyo, kitanda peke yake hakikumpa Zátopek ushindi. Miaka ya kazi ndiyo iliyomjenga. Juma mbili za kulala ziliondoa tu uchovu uliokuwa juu ya kazi hiyo. Mtu ambaye hakufanya mazoezi hawezi kushinda kwa sababu amelala hospitalini.

Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, Zátopek alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulirudia. Ndani ya siku nane alishinda mita 5.000, mita 10.000 na maratoni, nayo maratoni ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Mke wake Dana, aliyezaliwa tarehe moja na mwaka mmoja naye, alipata dhahabu ya kurusha mkuki katika michezo hiyohiyo. Mwaka 1954, Zátopek akawa mtu wa kwanza kukimbia mita 10.000 chini ya dakika 29.

Lakini mpaka wa mwili ulimngoja mbele. Mwaka 1956 alikuwa na umri wa miaka 33, na bado alitafuta mizigo mipya: alifanya mazoezi akimbeba Dana mabegani. Akaumia kinenani, akalazwa hospitalini tena. Safari hii hakungoja. Siku iliyofuata kutoka kwake hospitalini, alianza tena kukimbia. Katika maratoni ya Melbourne, mwishoni mwa mwaka huo, alifika akiwa wa sita. Mshindi alikuwa Mimoun, yule aliyezoea kumaliza nyuma yake, naye alimngojea mwishoni mwa mbio. Zátopek alimpongeza na kumkumbatia.

Mwaka 1968 aliunga mkono mageuzi ya kisiasa katika nchi yake. Baada ya majeshi ya Umoja wa Kisovieti kuingia, alinyang'anywa cheo chake jeshini, akapelekwa kufanya kazi ngumu, hata kwenye machimbo ya urani. Alifariki mjini Praha mwezi Novemba 2000, akiwa na umri wa miaka 78.

Hospitali mbili, matokeo mawili. Mwaka 1950 ugonjwa ulimlazimisha kupumzika, akarudi akiwa na nguvu kuliko wote. Mwaka 1956 alikuwa huru kuchagua, akachagua kukimbia kabla ya wakati. Hata yeye, aliyevumilia mazoezi kuliko wakimbiaji wote wa siku zake, alikuwa na mpaka, na mpaka huo haukuwa uleule wa miaka yote: ulisogea pamoja na umri na majeraha.