Sayidi Barghash na Waya wa Simu

Sayidi Barghash bin Said alitawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888. Ujanani alishindana na nduguye Majid kwa ajili ya ufalme, akashindwa, akahamishwa Bombay. Alipopata kiti, aliwaletea watu wa mji maji ya mifereji.

Siku zile habari za Ulaya zilingoja meli. Hata mwaka 1879 waya wa simu ukalazwa baharini kutoka Aden mpaka Unguja. Waya ulikuwa mmoja tu, nao umeme hauendi pasipo njia ya kurudi. Njia hiyo ilikuwa ardhi yenyewe na maji ya bahari. Mafundi wa simu walizoea kuzika bamba la madini mahali penye majimaji, kwa maana udongo mkavu huzuia umeme. Ni ajabu kweli, tena ni rahisi kuliko kununua waya wa pili!

Mwaka 1885 Wadachi walijitwalia nchi za bara ambazo Sayidi alizihesabu kuwa zake. Akampelekea Kaisari wao simu ya kukataa. Maneno yalifika upesi; lakini mwezi wa Agosti zilikuja manowari, zikatia nanga mbele ya jumba lake. Sayidi akakubali. Akafa Machi 1888.