Joseph Conrad, mwanamaji aliyetoka Kisangani na ugonjwa usiokwisha

Maji ya mto Lindi yanayopita Bafwasende humwagika katika mto Congo, chini kidogo ya Kisangani. Meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges ilipita mbele ya mlango huo wa mto na kufika kwenye maporomoko ya Wagenia tarehe 1 Septemba 1890. Kituo hicho kiliitwa Stanley Falls wakati ule. Ndani ya meli kulikuwa na mwanamaji mmoja wa Poland, mwenye umri wa miaka 32, aliyekuwa anajifunza njia ya mto ili siku moja apewe usukani. Alikuja kwa mkataba wa miaka 3. Alidumu Congo miezi 6 tu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Dunia inamjua kwa jina la Joseph Conrad.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 huko Berdychiv, mji ambao leo uko Ukraine. Serikali ya Urusi iliwafukuza wazazi wake kwa sababu za kisiasa na kuwapeleka uhamishoni, kwenye baridi kali. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1865, baba yake akafuata mwaka 1869. Mtoto alilelewa na mjomba wake, Tadeusz Bobrowski. Hakuwa mtoto mwenye afya ya chuma, na hilo lisisahaulike wakati wa kuhesabu kile ambacho Congo ilimfanyia. Hata hivyo, alipofika miaka 16 alienda Marseille kutafuta kazi ya bahari, na mwaka 1886 alipata cheti cha unahodha wa meli za Uingereza. Mwili wake ulikuwa umebeba kazi ngumu ya meli kwa miaka mingi kabla ya kuona mto Congo.

Alifika Boma na Matadi katikati ya mwezi wa Juni 1890. Reli ilikuwa haijajengwa. Tarehe 28 Juni aliondoka Matadi kwa miguu pamoja na wabeba mizigo 31, na safari iliisha mwanzoni mwa Agosti. Mwenzake Mzungu, Prosper Harou, aliugua njiani, na wale wabeba mizigo walilazimika kumbeba katika machela, juu ya mizigo yao. Daftari la Conrad linataja homa ya Harou. Majina ya waliombeba, na hali ya miili yao baada ya njia ile, hakuna aliyeyaandika.

Tarehe 3 Agosti alipanda Roi des Belges huko Kinshasa. Alisafiri zaidi ya kilomita 1,700 za mto. Kisangani ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa watu wa Tippu Tip, ambaye Leopold wa Pili alimweka kuwa gavana mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwa kimeshaingia. Pembe za tembo zilitoka msituni, pande zote hizi hadi Ituri, zikishuka kwa mto. Nahodha wa meli, Koch, akashikwa na ugonjwa. Tarehe 6 Septemba Conrad akapewa kuongoza meli kwa muda, huku yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Ndani ya meli walimpakia mfanyakazi mmoja wa kampuni, Georges-Antoine Klein, aliyefia njiani na kuzikwa Tchumbiri.

Mwisho wa Septemba, Conrad alimwandikia ndugu yake wa Brussels hesabu ya mwili wake: homa mara 4 katika miezi 2, na kwenye maporomoko siku 5 za kuhara damu. Aliondoka Congo akiwa amechoka kabisa.

Kwa watu wengi hadithi ya homa ingekwisha hapo. Mtu anakunywa dawa, anapona, anarudi kazini. Kwake haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa 1891 alilazwa katika Hospitali ya Wajerumani mjini London, miguu imevimba, mikono inauma, moyo umeshuka. Mwezi wa Mei akapelekwa Champel, karibu na Geneva, ambako madaktari walitibu kwa maji watu waliosemekana kuwa na mishipa ya fahamu iliyochoka. Akapata nafuu, akarudi baharini, kisha akarudi Champel tena mwaka 1894 na 1895. Januari 1894 alishuka katika meli yake ya mwisho. Mwanamaji akawa mwandishi, na kwa sehemu ni mwili uliomlazimisha.

Machi 1896 alimuoa Jessie George. Wakiwa bado katika safari ya ndoa huko Ufaransa, homa ilimpiga, akaanza kusema Kipolandi ambacho bibi yake hakukielewa. Januari 1910, alipomaliza kitabu Under Western Eyes, akaanguka kabisa. Alilala wiki nyingi akiongea na watu wa ndani ya kitabu chake. Ugonjwa wa gauti nao ulikuwa unamvimbisha mikono kiasi kwamba vitabu vingine aliwaamuru wengine waandike huku yeye akisema.

Madaktari wa enzi zile walikuwa na neno neurasthenia, udhaifu wa mishipa ya fahamu. Neno hilo lilieneza sana Daktari George Beard wa Marekani kuanzia 1869. Leo wagonjwa wengi waliokuwa wakiwekwa humo wangechunguzwa kwa jina lingine: ugonjwa wa uchovu sugu. Conrad hawezi kupimwa kaburini, na gauti na palu zinaeleza mengi ya mateso yake. Lakini njia aliyopita inajulikana kwa madaktari: maambukizi yanakuja, homa inakwisha, na nguvu hazirudi. Uchovu unadumu miezi 6 au zaidi, usingizi hauuondoi, na siku baada ya kazi ndogo mtu anaanguka vibaya zaidi.

Mara nyingi tatizo linagusa mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila mtu kuiamuru, ile inayoongoza mapigo ya moyo, presha, jasho na tumbo. Mgonjwa akisimama, damu inabaki miguuni, moyo unakimbia, kichwa kinazunguka. Mwaka 2015 kamati ya wataalamu wa Marekani ilisema wazi kwamba ni ugonjwa wa mwili, si wa mawazo. Baada ya UVIKO-19, wagonjwa wa namna hii wameongezeka duniani.

Katika vijiji vya Bafwasende, mtu wa hivyo anaweza kuitwa mvivu au aliyelogwa. Kumbe dalili moja inaweza kupimwa bila umeme wala maabara. Muuguzi anamlaza mgonjwa dakika chache, anahesabu mapigo ya moyo, anamsimamisha dakika 10 akihesabu tena. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika huku presha haishuki, kuna jambo la kufuatilia, baada ya kutafuta kwanza upungufu wa damu, kifua kikuu, VVU na ugonjwa wa malale.

Kitabu Conrad alichotoa katika safari yake, Heart of Darkness, kilianza kutoka gazetini mwaka 1899. Kilisaidia kuiaibisha dola ya Leopold, ingawa Wacongo ndani yake karibu hawasemi neno, na Chinua Achebe alikishambulia kwa hilo mwaka 1975. Achebe alikuwa na haki ya kulalamika.

Conrad alifariki asubuhi nyumbani kwake Bishopsbourne, Uingereza, moyo uliposimama. Alikuwa na miaka 66. Ilikuwa tarehe 3 Agosti 1924, miaka 34 kamili tangu siku ile meli ilipomtoa Kinshasa kuelekea Kisangani. Walimzika Canterbury, na jina lake la Kipolandi wakalikosea kwenye jiwe la kaburi.