Louis Leakey: Mtoto wa Kabete aliyeanza na ndege

UKIISHI Membley, mwezi Machi huhitaji kengele ya simu kukuamsha. Kwarara hupita juu ya paa kabla jua halijachomoza, wakipiga kelele kama abiria waliokosana na makanga. Kwenye miti iliyobaki kati ya maghorofa, minana wa manjano wanafuma viota wakisubiri mvua ya masika. Ukiinua macho juu mchana, utaona mbayuwayu wakikata hewa kwa makundi. Wengi wao si wenyeji. Walikuja mwaka uliopita kukimbia baridi ya Ulaya, na sasa kwa kuwa kule baridi inaisha na maua yanaanza kuchanua, wanafunga safari ya kurudi kuzaa.

Basi unatoa simu, unapiga picha, unaiweka mtandaoni, unasonga mbele. Hakuna ubaya. Lakini je, unajua kwamba mmoja wa watu mashuhuri zaidi kuwahi kuzaliwa Kiambu alianza hivyo hivyo, kwa kukodolea ndege macho? Na kwamba picha moja mbovu ilikaribia kumharibia maisha?

Jina lake ni Louis Seymour Bazett Leakey. Wengi tulimjua kwenye vitabu vya historia kama yule mzungu wa mafuvu ya Olduvai. Kabla ya mafuvu, kulikuwa na ndege.

Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903, katika kituo cha misheni cha Kabete. Wazazi wake, Harry na Mary, walikuwa wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, tena katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Wakati huo Nairobi ilikuwa bado mji mchanga wa reli, na upande wa Ruiru na Thika hakukuwa na barabara kuu wala mitaa ya kifahari.

Kijana huyo alikua akicheza na watoto wa Kikuyu, na lugha yao akaimeza kama maziwa. Alipofika umri wa miaka 13 hivi, alipitia jando pamoja na rika lake. Akapewa jina Wakuruigi, yaani mwana wa kipanga. Kama vijana wenzake, alijijengea nyumba yake mwenyewe. Humo ndani aliweka vitu alivyokusanya porini: mayai ya ndege, ngozi za ndege, mawe na vikorokoro vingine. Unaweza kusema ilikuwa makumbusho yake ya kwanza.

Ndoto yake wakati huo haikuwa mifupa hata kidogo. Alitaka kuwa mtaalamu wa ndege. Aliyemtia moyo ni Arthur Loveridge, ambaye mwaka 1914 aliteuliwa kuwa msimamizi wa makumbusho madogo ya Nairobi. Loveridge alimfundisha mvulana huyu jinsi ya kupanga viumbe kwa jamii zao, jinsi ya kuhifadhi ngozi ya ndege isioze, na jinsi ya kutofautisha aina moja na nyingine kwa ushahidi badala ya kukisia.

Hapa tusidanganyane. Enzi hizo, kumpenda ndege kulimaanisha pia kumuua. Kamera zilikuwa nzito na za bei ghali, kwa hiyo mtaalamu alimpiga ndege risasi ndipo ampime mdomo na mabawa. Mayai yalichukuliwa kwenye viota na kutobolewa. Leo ukifanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai. Simu yako ya mkononi inafanya kazi ambayo zamani ilihitaji bunduki, na ndege anaruka zake salama.

Ni kitabu kimoja kilichombadilishia Leakey njia. Akiwa na miaka kama 12, jamaa yake wa Uingereza alimtumia kitabu cha watoto kuhusu watu wa kale na zana zao za mawe. Akaanza kuokota mawe meusi yanayong'aa kama kioo, yaliyotapakaa kwenye njia na mashamba ya Kabete. Wenyeji walikuwa wakiyaita nyembe za mizimu, wakiamini huanguka na mvua. Watu wazima nyumbani walimcheka. Mvulana akampelekea Loveridge, akitarajia kuchekwa tena. Loveridge alipoyatazama alimthibitishia kwamba baadhi yalikuwa kweli zana zilizochongwa na binadamu. Zaidi ya hapo, alimshauri aandike kila jiwe limepatikana wapi. Shikilia hilo la kuandika, maana tutarudi.

Mwaka 1919 familia ilimpeleka shule Uingereza. Maisha yalikuwa magumu. Kijana aliyejijengea nyumba na kuwinda na wenzake sasa alitakiwa kuomba ruhusa kwa kila kitu, na wanafunzi wenzake walimwona kituko. Hata hivyo alipambana, na mwaka 1922 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko aliomba Kikuyu kikubaliwe kama mojawapo ya lugha zake za masomo, na kikakubaliwa.

Mwaka 1923 alipigwa teke la kichwa kwenye mchezo wa raga. Maumivu ya kichwa yakawa makali hata akashindwa kusoma. Daktari akamwambia apumzike na kuishi nje kwa muda. Kumbe ajali ilikuwa mlango. Mwaka 1924 alijiunga na msafara wa kutafuta mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, na huko akajifunza kuchimba. Aliporudi Cambridge alimaliza mwaka 1926 kwa alama za juu kabisa, na mwaka huo huo akarudi Kenya akiongoza msafara wake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye picha. Mwaka 1932, Leakey na kikosi chake walikuwa Kanam, karibu na Ziwa Victoria. Mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alipata kipande cha taya. Leakey aliamini kilikuwa cha binadamu wa kale mno, akatangaza hivyo Uingereza kwa mbwembwe. Wanasayansi wakubwa wakaanza kumsikiliza.

Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alifunga safari hadi Kanam kuhakiki. Mambo yakaharibika. Vigingi vya chuma alivyochomeka Leakey kuonyesha mahali taya lilipopatikana havikuwepo tena. Watu wa huko walikuwa wameving'oa na kuvitumia kwa kazi zao, na nani angewalaumu? Chuma ni chuma. Kamera ya Leakey nayo ilikuwa imegoma siku za kazi. Picha aliyokuwa ameionyesha Uingereza kama ya Kanam ilikuwa imepigwa na mtu mwingine, na ikagundulika ni ya sehemu tofauti kabisa. Leakey akashindwa kuonyesha kwa uhakika mahali penyewe. Boswell alirudi na kumwanika hadharani kwenye jarida la kisayansi la Nature.

Jina likachafuka. Kipindi hicho hicho alikuwa amemwacha mkewe Frida na watoto wawili, akawa na msanii kijana Mary Nicol, ambaye alimwoa mwaka 1936. Cambridge haikumtazama tena kwa jicho lile la zamani. Yule mvulana aliyefundishwa kuandika kila kitu kimetoka wapi, alianguka kwa sababu hakuwa na kumbukumbu ya kutosha ya kitu kilichotoka wapi.

Wengi wangekata tamaa. Yeye alirudi kazini. Mwaka 1941 alipewa usimamizi wa Makumbusho ya Coryndon jijini Nairobi, yale ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa. Chini yake milango ilifunguliwa kwa Waafrika na Wahindi, wakati ambapo sehemu nyingi za Nairobi zilikuwa za Wazungu pekee.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilimtumia kwa sababu alijua Kikuyu. Alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alipinga ukalimani wake akisema ana upendeleo, na Leakey akajiondoa. Mwaka 1954 jamaa yake, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji wa Mau Mau. Mtu aliyejiita Mkikuyu kwa jando na kwa lugha, saa ya kuchagua ilipofika alisimama upande wa waliokuwa wakitawala. Hilo ni sehemu ya maisha yake, na halifutiki kwa mafuvu.

Julai 17, 1959, huko Olduvai, Leakey alikuwa amelala na homa kambini. Mary alitoka kutembea na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu ambalo lilikuja kuitwa Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Unadhani walilichimbua palepale? Hapana. Walisubiri hadi mpigapicha Des Bartlett afike ili kazi ipigwe filamu tangu mwanzo. Miaka 24 baada ya aibu ya Kanam, Leakey alikuwa amejifunza. Safari hii hakuna ambaye angeuliza mahali penyewe ni wapi.

Na lile jicho la mvulana wa ndege halikupotea. Mwaka 1960 alimtuma Jane Goodall, aliyekuwa katibu wake na asiye na digrii, kwenda Gombe kuwatazama sokwe. Wataalamu walishangaa. Leakey alitaka mtu mwenye subira ya kukaa kimya siku nzima akitazama bila kusumbua, kama yeye alivyokuwa akivizia ndege vichakani Kabete. Baadaye aliwasaidia Dian Fossey kwa masokwe wa milimani na Biruté Galdikas kwa orangutangu. Mengi tunayojua leo kuhusu nyani hao wakubwa yalitokana na kazi ya wanawake hao watatu.

Leakey alifariki London Oktoba 1, 1972, akiwa na miaka 69. Ni majira yale ambapo mbayuwayu wanaondoka Ulaya kuja kwetu. Mwili wake nao ulirudishwa Kenya, ukazikwa Limuru.

Sasa rudi Membley, kwenye simu yako. Picha ya ndege isiyo na tarehe wala mahali ni kama lile taya la Kanam: huenda ni kitu cha maana, lakini hakuna atakayeweza kukitumia. Andika siku, saa na mtaa. Mbayuwayu wa mwisho uliyemwona Aprili, au wa kwanza Septemba, ni habari ambayo mtafiti anaweza kuihitaji miaka 20 ijayo, hasa sasa ambapo mashamba ya kahawa ya Ruiru yanageuka nyumba kila mwaka. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea rekodi za watu wa kawaida kama wewe. Nature Kenya nao wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na desturi hiyo ina zaidi ya nusu karne.

Usikaribie kiota kwa ajili ya picha, kwa maana mama akikimbia, makinda hubaki kwa kunguru. Na mtu akikucheka kwa kutazama juu kila saa, mwache acheke. Kuna mvulana aliyechekwa Kabete kwa kuokota mawe.