Pauli Murray, mama mweusi aliyetaka mbaguzi aachwe aseme

Mwaka wa 1963, chama cha mijadala cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilimwalika George Wallace, liwali wa jimbo la Alabama. Mwezi wa sita wa mwaka huo, Wallace alikuwa amesimama mlangoni mwa chuo kikuu cha jimbo lake ili kuzuia vijana wawili weusi wasiandikishwe. Kisha, tarehe 15 Septemba, bomu la wabaguzi lililipuka katika kanisa la watu weusi mjini Birmingham, huko huko Alabama, na kuua wasichana wanne.

Kaimu mkuu wa Yale, Kingman Brewster, aliwaomba wanafunzi waondoe mwaliko huo. Alihofia fujo, na hakutaka kuwaumiza watu weusi wa mji wa New Haven.

Barua ya kumpinga ilitoka kwa mtu ambaye wengi wasingemtazamia: Pauli Murray, mwanasheria mweusi aliyekuwa akitayarisha udaktari wa sheria hapo Yale. Alimweleza kwamba hofu ya fujo haitoshi kisheria kumnyima mtu haki yake. Alijua anachosema. Huko kusini, hofu hiyo ndiyo iliyokuwa kisingizio cha kuwafungia watoto weusi milango ya shule.

Murray alizaliwa Baltimore tarehe 20 Novemba 1910, akalelewa Durham, Carolina Kaskazini, na dada ya mama yake aliyekuwa pia mwalimu, pamoja na babu na bibi. Mwaka wa 1938 Chuo Kikuu cha Carolina Kaskazini kilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Jambo la uchungu ni kwamba bibi yake alikuwa mtoto wa mtumwa na bwana mzungu, na ukoo wa bwana huyo ndio ulioachia chuo hicho mashamba. Mwaka wa 1940 alikamatwa Virginia kwa kukataa kiti kilichovunjika nyuma ya basi. Mwaka wa 1944 alimaliza wa kwanza darasani katika sheria huko Howard, lakini Harvard ikamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Baadaye alifundisha sheria Accra, Ghana.

Barua yake haikubadilisha kitu: wanafunzi waliondoa mwaliko. Mwezi wa kumi na moja Wallace alihutubia Harvard, chuo kile kile kilichomfungia Murray mlango.

Msimamo wake haukumpa marafiki wengi. Mwezi wa kwanza 1969, alipokuwa akifundisha Brandeis, wanafunzi weusi waliteka jengo la chuo kwa siku kumi na moja wakidai idara ya masomo ya watu weusi. Murray, aliyekuwa ameketi chini katika mikahawa ya wazungu Washington tangu 1943, hakukubaliana na njia yao, nao wakamwona mtu wa zamani. Pengine hawakumtendea haki. Pengine naye hakuwasikiliza vya kutosha.

Mwaka wa 1974 kamati ya Yale, ikiongozwa na mwanahistoria C. Vann Woodward, iliirudia kesi ya Wallace na kuutanguliza uhuru wa kusema. Mjumbe mmoja alikataa.

Murray aliwekwa kuwa padri wa Kanisa la Episkopali mwaka wa 1977, akafariki Pittsburgh tarehe 1 Julai 1985. Tangu 2017, makao mamoja ya wanafunzi wa Yale yana jina lake.